Land Cruiser ya 1HZ inachoka mlima wa Lushoto: nifungue pampu au nifunge turbo?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nipo Chumbageni, Tanga. Nina Land Cruiser pikapu HZJ75 ya 1994, injini 1HZ, gia tano. Nabeba vifaa vya ujenzi kama tani moja kupeleka Lushoto, narudi na mboga. Tanga hadi Mombo gari linakwenda vizuri. Nikianza kupanda kuelekea Soni linashuka mpaka gia ya pili, moshi mweusi unafunga barabara nyuma yangu na geji ya maji inapanda. Mwaka jana niliweka matairi ya 315/75R16. Fundi mmoja anataka afungue pampu iongeze dizeli, mwingine ananiuzia turbo iliyotumika. Nianze na lipi?

JIBU: Ndugu yangu, pampu iache kama ilivyo. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungua nayo. Lushoto ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Tanga mjini kwa karibu asilimia 13. Pampu isiyo na kifaa cha kufidia mwinuko inaendelea kumimina kipimo kilekile cha dizeli huku hewa inapungua kila kona unayopanda. Ukiifungua zaidi unaongeza moshi na joto, nguvu utaiona kidogo sana.

Na joto ndilo linaloua 1HZ. Ni injini ya lita 4.2, silinda sita, isiyo na turbo, yenye nguvu farasi kama 130 na mvuto wa karibu nyutonimita 280. Dizeli yake haipuliziwi moja kwa moja juu ya pistoni kama kwenye 1HD-T, injini ya Toyota inayotoka kiwandani na turbo. Inaanzia kwenye kichemba kidogo kilichomo ndani ya silinda hedi, na kichemba hicho ndicho kinachobeba moto mkali kuliko sehemu nyingine. Dizeli ikizidi, hedi hupasuka kuanzia hapo kuelekea kwenye valvu. Dalili yake ya mapema unaweza kuikamata kwa mkono: asubuhi washa injini ya baridi, iache dakika mbili, kisha bana hozi ya juu ya rejeta. Ikiwa imeshakuwa ngumu kama fimbo wakati maji bado ni ya baridi, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Kwa kuwa geji yako inapanda, fanya kipimo hiki kabla ya kutumia hata shilingi moja. Hozi ikiwa hivyo, hedi ishuke, na mpango mzima unabadilika. Nitaufikia huko chini.

Hozi ikiwa laini, anza na matairi. Tairi la 315/75R16 lina kipenyo cha milimita 879 hivi. Tairi la 235/85R16, ambalo ukubwa wake unakaribiana na 7.50R16 ya kiwandani, lina 806. Tofauti ni asilimia 9, na hivyo umepunguza mvuto kwa karibu asilimia 8 kwenye kila gia. Kama uwiano wa difu zako ni 4.1, sasa zinafanya kazi kama 3.76. Injini hii inavuta vizuri zaidi kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,200 kwa dakika, nawe umeishusha chini ya hapo kwenye mwendo uleule. Matairi makubwa yanafaa kwa matope mazito. Kwa tani moja juu ya lami ya Mombo hadi Lushoto yanakula nguvu na breki, basi. Rudisha 235/85R16 yenye uwezo wa kubeba mzigo, uone gari linavyobadilika kabla ya spana yoyote kuguswa.

Kisha irudishe injini kwenye afya yake. Mtu akae ndani akanyage mafuta mpaka chini, wewe uangalie kwenye pampu kama mkono wa mafuta unafika mwisho na kugonga skurubu ya kikomo. Kebo iliyolegea huiba nguvu kimya kimya kwa miaka. Badilisha chujio la dizeli. Nozo zote sita, zile zinazopulizia dizeli, zipimwe kwenye mashine: presha ziwe sawa na mpulizo uwe ukungu. Nozo inayodondosha matone ndiyo inayochoma kichemba chake peke yake wakati wenzake wako salama. Nafasi za valvu, injini ikiwa ya baridi, ni milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa hewa na 0.35 hadi 0.45 upande wa eksozi. Pima kompresheni ya silinda zote. Tofauti kati ya ya juu na ya chini isizidi kilo 5 kwa sentimita mraba. Na kama hujui taiming belti ilibadilishwa lini, ibadilishe, maana ikikatika pistoni zinakutana na valvu.

Jambo moja zaidi, hasa kwa magari yenye mkonga, yaani bomba la kuvutia hewa lililopanda juu pembeni ya kioo. Fungua bomba linalotoka kwenye chujio la hewa kwenda kwenye injini, pitisha kidole ndani. Kidole kikitoka na vumbi jekundu, chujio linapitwa pembeni au kiungo kimeachia. Vumbi hilo linasaga ringi sasa hivi, na siku ukifunga turbo litakuwa la kwanza kula mapanga yake.

Haya yote yakikamilika, ndipo turbo, inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini, inapokuwa na maana. Tafuta ndogo, inayoanza kujaa kwenye mizunguko 1,600 hadi 1,800, kwa sababu kwenye kona za mlima huo hutakuwa na nafasi ya kusubiri. Kwa manifodi, kile chuma kinachokusanya moshi wa silinda na kubeba turbo, usikubali maneno ya muuzaji: chukua gasketi mpya ya manifodi ya 1HZ, iweke juu ya manifodi anayokuuzia, matundu yote na bolti zote zilingane. Shika shafti ya turbo kwa vidole. Mchezo mdogo wa kwenda pembeni ni wa kawaida; wa kwenda mbele na nyuma usiusikie kabisa. Mapanga yakiwa na meno au yakikwaruza nyumba yake, mrudishie.

Presha ya turbo iweke psi 7 hadi 8, usipite. Kompresheni ya 1HZ ni zaidi ya 22 kwa 1, wakati 1HD-T iliyotengenezwa kiwandani na turbo ni 18.6, na pistoni zake zina njia ya oili ya kuzipoza. Za kwako hazina. Ukibaki kwenye presha hiyo na dizeli ya kiasi, tegemea nguvu farasi 150 hadi 165. Anayekuahidi 200 kwa injini hii anakuuzia hedi iliyopasuka.

Intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, usiiache kwa sababu ya gharama. Hewa ya Tanga ya nyuzi 30, ikisukumwa mpaka psi 7, inatoka kwenye turbo ikiwa na zaidi ya nyuzi 80. Ukiipoza ifike 50 hivi, unaingiza hewa zaidi kwa karibu asilimia 10 kwa presha ileile, na pistoni zinapumua. Eksozi iwe bomba la milimita 76 kutoka kwenye turbo mpaka nyuma, mikunjo yake isibonyee. Eksozi ya zamani yenye bomba jembamba itaikaba turbo na kurudisha joto lote kwenye hedi.

Kazi inayoharibiwa zaidi na mafundi ni bomba la oili ya kurudi. Oili inayotoka kwenye turbo ina povu na haina presha. Inashuka kwa uzito wake tu. Bomba liwe na upana wa ndani wa milimita 16 au zaidi, literemke bila kupinda kwenda juu popote, na liingie kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, juu ya usawa wa oili. Likiingia chini ya usawa huo, oili inajaa ndani ya turbo, inapita kwenye sili na kuungua: moshi wa bluu, na mbaya zaidi injini inaweza kukimbia kwa oili yake yenyewe hata ukizima swichi. Sampu ishushwe kabisa ndipo itobolewe na kuchomelewa. Oili ya kwenda isipite kwenye hozi ya dizeli; tumia bomba la chuma au hozi ya presha yenye waya. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, mimina oili kwenye tundu la turbo, chomoa waya wa solenoidi ya kuzimia kwenye pampu, piga stata mara kadhaa mpaka presha ya oili ionekane. Turbo ikizunguka kavu hata kwa sekunde chache, beringi zake zimekwisha.

Sasa geji ya joto la eksozi. Bila hiyo, turbo kwenye 1HZ ni kuendesha usiku bila taa. Kitambuzi kikae kwenye manifodi kabla ya turbo, mahali moshi wa silinda zote unapokutana. Tundu litobolewe manifodi ikiwa imeshushwa, chembe za chuma zisibaki ndani. Kwenye mlima mrefu shikilia chini ya nyuzi 650. 700 ni ya dakika chache tu. Ikifika hapo punguza mguu na shusha gia: mizunguko ikiongezeka hewa inaongezeka na joto linashuka. Madereva wengi hufanya kinyume, wanabaki gia ya juu na kukanyaga mpaka chini.

Pampu sasa inaweza kuguswa. Skurubu ya dizeli iongezwe moja ya nane ya mzunguko kwa mara, kisha mpande kipande kilekile cha mlima, gia ileile, mzigo uleule, macho kwenye geji. Sailensi, yaani mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta, ikipanda, irudishwe. Moshi uwe ukungu hafifu turbo ikiwa haijajaa, na upotee ikijaa. Ukibaki mweusi turbo ikiwa imejaa, rudisha nyuma.

Rejeta inahitaji macho yako pia, kwa sababu chumvi ya bahari inaila taratibu. Kwaruza mapezi yake kwa ukucha. Yakimeguka na kuacha unga wa kijani kwenye kidole, maji yamo ndani lakini joto halitoki. Kuzibua mabomba hakutasaidia, weka kiini kipya. Feni yenye mafuta ya silikoni ijaribiwe injini ikiwa ya moto na imezimwa: ukiisukuma kwa kidole ikazunguka kirahisi, imekufa. Maji ya kisima yaache, tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi.

Klachi ya kawaida huenda isibebe mvuto mpya. Ukiwa gia ya nne, kilomita 50 kwa saa, kanyaga mpaka chini. Mizunguko ikipanda na mwendo usipande, weka klachi nzito zaidi. Mlimani na mzigo usitumie gia ya tano, ndiyo dhaifu kwenye giaboksi.

Sasa ule mpango mwingine. Hedi ikiwa imepasuka, jumlisha hedi, gasketi, turbo na manifodi, kisha linganisha na 1HD-T iliyotumika. Inakaa kwenye giaboksi yako na ina turbo ya kiwandani. Masharti mawili: metali za konrodi, yaani beringi zake, zibadilishwe kabla haijaingia kwenye gari, kwa sababu injini hiyo inajulikana kwa kuzila, na ukague stata na vifaa vya umeme kama ni vya volti 12 au 24 kama gari lako. Namba ya injini ipo kwenye kadi, kwa hiyo taarifa zirekebishwe TRA, na bima ijulishwe.

Ukimaliza kufunga turbo, mwaga oili ya kwanza kwenye kilomita 500, kaza upya nati za manifodi injini ikiwa ya baridi, halafu oili ya 15W-40 ya dizeli kila kilomita 5,000. Ukifika Lushoto, acha injini isailensi dakika moja au mbili kabla ya kuzima.