Maswali na majibu: fanksheni moja, nakala nne

Barua za mwezi huu zimeniletea malalamiko yanayofanana: majaribio ya mtandao yaliyojaa fanksheni zilizonakiliwa kutoka faili hadi faili, na mtu aliyepewa kazi ya kuzisafisha hajui aanzie wapi. Nimechagua maswali yanayogusa wengi. Mfano nitakaourudia ni kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo endeshi. Wengi wetu hatuiandikii, lakini msimbo wake uko wazi na historia ya kila mstari inasomeka na yeyote anayetaka.

Fundi, skripti zetu za kujaribu mtandao kila moja ina nakala yake ya fanksheni ya kusubiri seva iamke. Zote zinapita. Bosi anauliza kwa nini nitumie siku nzima kuziunganisha. Nimjibu nini? (Msomaji, Mwanza)

Mwonyeshe yaliyotokea kwa majaribio ya MPTCP. Hiyo ni nyongeza ya TCP, kanuni ya kusafirisha data mtandaoni, inayowezesha muunganisho mmoja kupita njia kadhaa kwa pamoja, kwa mfano Wi-Fi na data ya simu, nayo iliingia kwenye kerneli katika toleo la 5.6, mwaka 2020. Majaribio yake ni skripti za sheli, yaani faili za amri zinazotekelezwa mstari kwa mstari. Hadi mwishoni mwa 2023, fanksheni iitwayo wait_local_port_listen ilikuwa imeandikwa ndani ya skripti nne: diag.sh, mptcp_connect.sh, mptcp_join.sh na simult_flows.sh.

Kazi yake ni ndogo lakini ya lazima. Jaribio huanzisha seva nyuma ya pazia, kisha humwanzisha mteja. Mteja akiwahi kufika kabla seva haijafungua poti (namba ya mlango wake wa mtandao), muunganisho unakataliwa na jaribio linaanguka, ingawa kerneli haina kosa lolote. Kwa hiyo fanksheni hugeuza namba ya poti kuwa heksadesimali, yaani ya msingi wa 16 (10000 inakuwa 2710), husoma faili za /proc/net/tcp ambamo kerneli huorodhesha miunganisho, na kutafuta mstari wenye poti hiyo na hali 0A, yaani poti inasikiliza. Isipoipata, hulala sehemu moja ya kumi ya sekunde na kujaribu tena, hadi mara kumi.

Sasa angalia mwisho wake. Mara kumi zikiisha na poti haijaonekana, fanksheni ile ilitoka kimya kimya na jaribio likaendelea kana kwamba kila kitu kiko sawa. Pengine unataka ipige kelele. Pengine unataka isubiri zaidi kwa ajili ya mashine dhaifu. Vyovyote utakavyoamua, unahariri mahali panne. Na tabia ya kazi tunaijua: anayekuja kurekebisha ameletwa na skripti moja iliyoanguka usiku, anairekebisha hiyo moja na kwenda zake. Baada ya miezi sita huna tena nakala nne za kitu kimoja. Una vitu vinne vyenye jina moja, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu anayesoma jina anadhani anajua kilichomo.

Walichofanya wale wa MPTCP ni kuihamishia kwenye faili la pamoja, mptcp_lib.sh, pamoja na nyingine za aina yake, kama ile ya kuua mchakato na kuungoja ufe, na ile ya kutambua kama anwani ni ya IPv6, aina mpya ya anwani za intaneti. Bosi wako usimweleze habari ya kupunguza mistari, haimhusu. Mweleze habari ya hitilafu iliyokwisha kurekebishwa mahali pamoja ikaendelea kuishi pengine patatu.

Nimeanza kuunganisha na nimekuta nakala hazifanani. Moja inasubiri hadi sekunde 1, nyingine hadi 5, ya tatu ina sleep 2 tu. Nichukue ipi? (Msomaji, Nairobi)

Usichukue yoyote kwanza. Ziweke ubavu kwa ubavu kwa amri ya diff, kisha pitisha git blame, inayoonyesha nani aliandika mstari na katika badiliko lipi, kwenye kila mstari unaotofautiana. Tofauti nyingine ni ajali tu. Lakini ile ya sekunde 5 naidhania mema: yaelekea kuna mtu aliyekuwa na mashine nzito, labda mashine pepe isiyo na msaada wa prosesa, au kerneli iliyojengwa na vikaguzi vya kumbukumbu ambavyo hupunguza kasi mno. Ujumbe wa badiliko lake huenda ukaeleza hayo yote, na ukiifuta bila kuusoma utamrudishia taabu yake.

Kati ya mbili za kwanza, chagua kikomo kirefu. Fanksheni inayokagua hali hutoka mara tu hali inapotimia, kwa hiyo seva ikiamka kwa milisekunde 20 hupotezi sekunde 5, unapoteza kipindi kimoja cha kulala. Kikomo kinaumiza siku ya kuanguka tu.

Hiyo sleep 2 ni kuepua wali kwa kutazama saa ya ukutani bila kufunua sufuria. Kwenye mashine ya kasi inachelewesha bure, kwenye mashine dhaifu haitoshi, na ikiwa imerudiwa katika majaribio 60 umepoteza dakika mbili nzima kila unapoyaendesha.

Lakini kabla hujazing'oa sleep zote, kuna mahali inapostahili. Jaribio linalothibitisha kwamba kitu *hakitokei*, kwa mfano pakiti iliyozuiwa na ukuta wa moto haifiki ng'ambo, halina hali ya kusubiri. Huwezi kungoja kutokea kwa kutotokea. Hapo unasubiri muda uliopangwa kisha unasoma kaunta. Vivyo hivyo jaribio la kikomo cha muda chenyewe. Ziache, na uandike maelezo ya mstari mmoja juu yake, maana atakuja msafishaji mwingine baada yako mwenye ari kuliko wewe.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi. Majaribio yetu ya Python yana fanksheni tafuta_poti katika faili tano. Inafungua soketi (ncha ya muunganisho), inasoma namba ya poti, inafunga soketi, inarudisha namba. Kwenye laptop yangu haina shida, lakini kwenye seva ya majaribio mara moja moja inalalamika kwamba anwani tayari inatumika. (Msomaji, Zanzibar)

Marahaba mwanangu. Una matatizo mawili, na kuunganisha kutatatua moja tu. Hata ukibakiwa na tafuta_poti moja iliyo safi, kosa litabaki: kati ya kufunga soketi na kuifungua tena, mchakato mwingine unaweza kuinyakua namba hiyo. Laptop yako inaendesha jaribio moja baada ya jingine, seva inaendesha mengi sambamba. Linux kwa kawaida hutoa poti za muda kati ya 32768 na 60999. Panaonekana papana, ila miunganisho yote inayotoka kwenye mashine ileile inachota humo humo.

Dawa ni kutoachia. Mwambie seva wa jaribio ajishikize (bind) kwenye poti 0, kerneli imchagulie, kisha tumia fanksheni ya getsockname kujua amepewa ipi. Soketi haifungwi hata mara moja, kwa hiyo hakuna mwanya.

Python yenyewe imepitia njia hii. Ndani ya majaribio yake kuna bind_port na find_unused_port, ambazo tangu toleo la 3.9 zinakaa kwenye moduli yake, test.support.socket_helper. Ya kwanza inaishikiza soketi uliyoileta kwenye poti iliyo huru na kukuachia ikiwa hai mkononi. Ya pili inafanya kama tafuta_poti yako, nayo imewekwa kwa ajili ya hali ambayo lazima umpe namba mtu wa nje, kama amri ya openssl inayoanzishwa kama mchakato tofauti. Nimependa pia ukali wa bind_port: soketi ya TCP ikija imewekewa chaguo la SO_REUSEADDR inakataliwa papo hapo, kwa kuwa kwenye mifumo mingine chaguo hilo huruhusu wawili kukalia poti moja bila mmoja wao kujua. Ukali wa namna hiyo ukiuweka mahali pamoja, majaribio yote yanaurithi. Nakala tano zingeupata wapi?

Kama programu yako ya nje inaweza kuchapisha poti yake inapoamka, afadhali uisome kutoka hapo kuliko kuibashiria.

Kiongozi wa timu amelipenda mno zoezi hili. Sasa tuna fanksheni moja, endesha_jaribio, yenye vigezo kumi na moja, na faili za majaribio zimebaki na mistari mitatu mitatu. Ndiyo tulikokuwa tunaelekea? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana, mmepitiliza kituo. Mimi nagawa hivi: kinachohusu mashine kiende kwenye faili la pamoja, kinachohusu dai la jaribio kibaki kwenye jaribio. Kufungua poti, kusubiri, kutenganisha mitandao, kusafisha baada ya kazi, hayo ni ya mashine. Nani anatuma, anatuma nini, na tunategemea nini kifike, hayo ni dai. Mtu akilifungua jaribio lililoanguka saa nane usiku anapaswa kuliona dai bila kurukia faili tatu.

Dalili ya wazi ni kigezo cha ndiyo au hapana kinachotumiwa na mwitaji mmoja. Kila ukikiona, mrudishie mwitaji huyo mistari yake. Rob Pike, mmoja wa waasisi wa lugha ya Go, alisema mwaka 2015 kwamba kunakili kidogo ni bora kuliko utegemezi kidogo, na kwa mistari mitatu ya kulinganisha matokeo namuunga mkono kabisa. Kwa kitanzi kinachosoma /proc simuungi mkono.

Mpitiaji wa msimbo amekataa kiraka changu (faili la mabadiliko) cha mistari 900, anasema hakisomeki. Nimehamisha tu! (Msomaji, Kisumu)

Ndugu yangu, "nimehamisha tu" ni dai ambalo mpitiaji hawezi kulikagua ndani ya mistari 900. Kila fanksheni ipewe kiraka chake, kama zilivyohamishwa zile za MPTCP. Kiraka cha kuhamisha kisirekebishe chochote, hata kosa unaloliona kwa macho. Rekebisho lifuate nyuma yake, peke yake, ili siku likileta shida litenguliwe bila kurudisha nakala zote.

Tena kwenye sheli kuhamisha si "tu". Fanksheni ilipokuwa ndani ya skripti ilikuwa ikisoma vigeu vya skripti, jina la mtandao, kigeu cha matokeo, na hakuna aliyeviona. Kwenye faili la pamoja vitakuwa tupu, au vibaya zaidi vitakuwa na thamani ya mtu mwingine. Vipitishe kama hoja. Pili, exit ikiitwa ndani ya $( ) inaua sheli ndogo tu, skripti inaendelea. Tatu, ukiandika local x=$(amri) kwa mstari mmoja, hali ya kushindwa ya amri inamezwa na local, ambayo yenyewe imefaulu. Tangaza kigeu kwanza, kipe thamani mstari unaofuata. Na majina yape kiambishi: sheli haina vyumba vya majina, fanksheni mbili zenye jina moja ya mwisho kusomwa ndiyo inayoshinda, bila onyo. Ndiyo maana ile ya MPTCP ilibatizwa upya mptcp_lib_wait_local_port_listen. Ni refu, naam. Halifichi kitu.

Kabla ya kutuma tena, hesabu majaribio yaliyopita, yaliyoanguka na yaliyorukwa, kabla na baada. Yaliyorukwa hasa. Katika majaribio ya kerneli, skripti ikitoka na namba 4 maana yake imerukwa, si imeanguka. Faili la pamoja likikosa zana fulani likatoka na 4, majaribio yako yote yatakaa kimya na hakuna atakayeona rangi nyekundu. Halafu vunja kitu kwa makusudi: mpe mteja poti isiyo sahihi, uone kama jaribio bado linajua kuanguka. Mweleze mpitiaji kwamba umefanya hivyo. Watu hao hulainika haraka.

Baada ya kuunganisha, kila kosa sasa linaonyesha mstari wa ndani ya faili la pamoja. Nitajuaje ni jaribio gani? (Msomaji, Arusha)

Go ina t.Helper() tangu toleo la 1.9, mwaka 2017: iite mwanzoni mwa fanksheni saidizi, na ripoti itaonyesha mstari wa aliyeiita. Kwenye pytest, zana ya majaribio ya Python, weka kigeu __tracebackhide__ kuwa True ndani ya fanksheni. Kwenye bash, sheli ya kawaida ya Linux, amri caller inakupa mstari na faili la mwitaji. Ichapishe pamoja na ujumbe wa kosa.

Nakala zetu zina anwani za kila aina: 8.8.8.8, 1.2.3.4, hata ya ofisi ya mteja wa zamani. Nikiunganisha niweke ipi? (Msomaji, Bujumbura)

Ya mteja iondoe leo. 8.8.8.8 ni seva halisi ya Google, na 1.2.3.4 iko kwenye anga ya anwani za kawaida za intaneti, kwa hiyo jaribio likiteleza linagonga mlango wa mtu. RFC 5737, mojawapo ya hati za kanuni za intaneti, imetenga 192.0.2.0/24, 198.51.100.0/24 na 203.0.113.0/24 kwa ajili ya mifano na nyaraka. Kwa IPv6 kuna 2001:db8::/32, na kwa majina ya tovuti tumia yanayoishia .test au .invalid. Ikiwa jaribio linahitaji kweli kuunganishwa na kitu, liunganishe na 127.0.0.1, anwani ya mashine yenyewe, na uandike namba hiyo badala ya localhost: kwenye mashine nyingine localhost hufunguka kwanza kama ::1, anwani hiyohiyo kwa IPv6, na seva yako inayosikiliza IPv4 peke yake haitasikia kitu.