Je, kupanga uzazi ni dhambi?

SWALI: Mimi na mume wangu tumeokoka, tuna watoto wanne na wa mwisho hata hajaacha ziwa, mwenzangu anasema Biblia imesema zaeni mkaongezeke kwa hiyo kupanga uzazi ni dhambi. Nimechoka jamani, nifanyeje?

JIBU: Pole dada. Mwanzo 1:28 ni baraka, haijataja idadi, na akishasoma hapo aendelee mpaka 1 Timotheo 5:8, asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, mazito hayo. Makanisa yenyewe hayaongei lugha moja, Waanglikana waliruhusu njia za kuzuia mimba kwa masharti mwaka 1930 kwenye mkutano wao wa Lambeth, Papa Paulo VI akazikataa 1968 ila hata yeye alikubali wenye sababu nzito wapishanishe watoto kwa kuhesabu siku, yaani ubishi uko kwenye njia siyo kwenye kupanga. Halafu 1 Wakorintho 7:4 inasema mwili wa mume nao uko chini ya mkewe (mstari huo wanaume wengi wanauruka sijui kwanini), basi hili mnaamua wawili. Nendeni kliniki pamoja, asikie mwenyewe kwa daktari hali yako ilivyo.