Panga la springi limenivunjikia mkononi: kosa liko wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, na kwa mwaka mmoja sasa najifunza uhunzi nyuma ya nyumba kila Jumamosi. Nilinunua springi ya gari kwa wauza vyuma chakavu, nikafua mapanga mawili. La kwanza nililipasha hadi likawa jekundu, nikalitumbukiza katika ndoo ya maji kama nilivyomwona fundi mmoja akifanya, nalo likalia "ti!" humo humo majini na kupasuka kwenye makali. La pili lilitoka zima, nikalichomelea kipande cha nondo cha kushikia mpini, lakini siku ya tatu, nikiwa nakata mgomba, lilikatika sentimita moja kutoka pale nilipochomelea. Je, nimeuziwa chuma kibovu, au fimbo za kuchomelea ndizo duni?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kwa maelezo yako, sioni sababu ya kumlaumu aliyekuuzia chuma, wala aliyekuuzia fimbo. Mapanga yote mawili yamevunjwa na jambo moja, nalo ni namna yalivyopoa, ingawa la kwanza lilipozwa na maji na la pili lilipozwa na chuma chenyewe, kama nitakavyoeleza.

Springi bapa ya gari hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni ya kiasi cha asilimia 0.5 hadi 0.65, pamoja na manganizi, kromiamu au silikoni kidogo kutegemea kiwanda. Nondo ya ujenzi huwa na karibu nusu ya kaboni hiyo au pungufu. Tofauti hiyo ni ndogo ukiisoma kwenye karatasi, lakini motoni ni kubwa sana, kwa kuwa chuma cha springi hushika ugumu kamili hata kikipozwa katika mafuta, yaani kwa mwendo wa taratibu kuliko maji. Ukikitia majini, ngozi ya nje hugeuka kuwa ngumu wakati kiini bado ni cha moto, kisha kiini nacho kinapogeuka hutanuka, kikaisukuma ngozi ambayo haiwezi tena kunyumbuka. Mlio ule uliousikia ndio ngozi hiyo ikiachia. Fundi uliyemwona huenda alikuwa anatia ugumu jembe au patasi ya chuma chenye kaboni ndogo zaidi, na kwa chuma cha namna hiyo maji hayana ubaya.

Kabla hujafua tena, nakuomba uvichukue vile vipande vilivyovunjika uvipeleke juani na kuutazama uso wa mvunjiko kwa makini, ikiwezekana kwa kioo cha kukuzia cha maabara ya shule. Kama chembe zake ni kubwa na zinametameta kama sukari, ulikipasha chuma kupita kiasi, na chembe zilizokua kwa moto mkali hushikana vibaya hata kama mengine yote uliyafanya sawasawa. Kama uso ni wa kijivu, mwororo, hauonyeshi chembe kwa macho, moto wako ulikuwa wa kiasi. Angalia pia kama kuna sehemu ya mvunjiko yenye rangi nyeusi au ya kutu na nyingine safi inayong'aa: ile nyeusi ni ufa uliokuwapo zamani, na ile safi ndiyo iliyoachia siku ulipokata mgomba. Springi iliyobeba mzigo miaka mingi katika barabara za changarawe mara nyingi huwa na nyufa nyembamba, hasa kuzunguka tundu la katikati, na hakuna ustadi wa moto unaoweza kuzifuta. Zipo njia ghali za kuzitafuta, lakini wewe una chaki. Safisha bapa kwa msasa, lipake mafuta ya taa uyaache robo saa, lifute likauke kabisa, kisha lipake unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatatoka tena polepole na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Kipande chenye mstari kikate na kukiweka kando.

Sasa nije kwenye moto wenyewe. Kosa la wengi wanaojifunzia uani ni kuamini macho chini ya jua. Wekundu unaouona saa saba mchana ni moto mkubwa zaidi kuliko wekundu huo huo ukiutazama kivulini, kwa hiyo anayefanya kazi juani hupitiliza kila mara bila kujua. Wahunzi wa Mamba, huko juu mlimani upande wa Marangu, ambao ukoo baada ya ukoo wamefua mikuki na majembe, huweka tanuri ndani ya kibanda, na sababu si mvua peke yake. Jijengee kivuli, hata cha mabati mawili tu.

Kisha usikisie. Ning'iniza sumaku kwa waya karibu na tanuri na uguse panga kila unapolitoa: chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku huacha kukishika. Hapo bado kidogo. Nyunyiza chembe chache za chumvi ya mezani juu ya bapa, nayo huyeyuka kwa nyuzi 801, ikatandaa na kung'aa kama kioo. Ukiona imeyeyuka, ongeza moto kidogo tu, sawazisha rangi kutoka ncha hadi nyuma, na hapo uko karibu sana na nyuzi 820 hadi 850 zinazotakiwa na chuma cha springi. Mimi nilianza kazi hii katika karakana ya Unga Limited hapa Arusha, na chumvi ndiyo iliyonifundisha kuona rangi. Baada ya miezi kadhaa jicho lenyewe hujua.

Usitie ugumu moja kwa moja baada ya kufua. Nyundo huacha mivutano ndani ya chuma, na dawa yake ni kulipasha panga hadi kiasi hicho cha chumvi, kulitoa na kuliacha lipoe hewani, mahali pasipo na upepo, mpaka weusi urudi wote. Fanya hivyo mara tatu. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu haionyeshi matokeo yoyote kwa macho, lakini kwangu mimi ndiyo inayotenganisha panga litakalodumu na lile litakalopinda kama upinde ndani ya mafuta. Wakati huu makali yawe bado na unene wa milimita 1.5 hadi 2, pembe zote ziwe zimeviringwa kwa tupa, na mikwaruzo ya grainda iliyokatiza bapa iondolewe, kwa kuwa kila mkwaruzo mkali ni mahali pa ufa kuanzia.

Mafuta ya alizeti yanafaa vizuri. Oili chafu ya injini nayo hupoza, lakini moshi wake una uchafu usiofaa kuvutwa kila Jumamosi. Tumia chombo cha chuma, kamwe si ndoo ya plastiki, kirefu kiasi cha kulimeza panga lote, na mfuniko wake uwe mkononi mwa mtu mwingine endapo mafuta yatashika moto. Yapashe kwanza hadi nyuzi 50 au 60, yaani joto ambalo kidole hakivumilii zaidi ya sekunde chache, kwa sababu mafuta baridi ni mazito na hupoza vibaya. Ingiza panga kwa ncha, wima, na ulisogeze juu na chini. Ukilitikisa kulia na kushoto, upande mmoja utapoa mbele ya mwingine na litapinda. Likipoa kiasi cha kushikika, pitisha tupa kwenye makali: ikiteleza kama juu ya kioo, ugumu umeingia.

Panga lako la pili lilikosa hatua inayofuata. Chuma kilichotoka kwenye mafuta ni kigumu lakini hakina uvumilivu, na hakipaswi kulala hivyo hata usiku mmoja. Kisugue kwa msasa mpaka king'ae cheupe, kisha ukirudishie moto mdogo kutoka upande wa mgongo, juu ya kipande kinene cha chuma kilichopashwa, ukitazama rangi. Huanza manjano hafifu ya majani makavu, karibu nyuzi 210. Hufuata hudhurungi, kisha zambarau ya bilinganya, kisha samawati, karibu nyuzi 300. Rangi hizi hukimbia, na mara ya kwanza utashangaa jinsi zinavyokupita. Kwa panga, uache mgongo ufike samawati na makali yaishie kwenye hudhurungi inayoelekea zambarau, kisha ulizamishe kwenye maji kusimamisha safari hiyo. Hapa maji hayana madhara. Kisu cha jikoni unaweza kukiweka katika oveni ya kuokea kwa nyuzi 200 hadi 220, saa moja, mara mbili.

Sasa ile nondo. Unapochomelea juu ya chuma cha springi, ukanda mwembamba kando ya mshono hupita nyuzi 800, na bapa lote la baridi linalouzunguka hulinyonya joto hilo kwa kasi. Ukanda huo umetiwa ugumu bila wewe kukusudia, tena bila kurudishiwa ule moto mdogo. Ndiyo maana panga halikukatika kwenye mshono, lilikatika sentimita moja pembeni. Unyevu uliomo ndani ya fimbo nao huingiza hidrojeni, na nyufa zake zinaweza kujitokeza saa nyingi au siku kadhaa baadaye, hasa fimbo zikiwa zimekaa wazi wakati wa masika. Fimbo za hidrojeni ndogo zilizokaushwa vizuri, kulipasha bapa hadi nyuzi 200 au 300 kabla ya kuchomelea na kulifukia kwenye majivu makavu hadi kesho yake hupunguza hatari hiyo, lakini joto hilo hilo huharibu ugumu wa panga ulioutafuta. Kwa chombo kinachopigwa juu chini karibu na miguu ya mtu, sikushauri uchomelee kabisa. Fua mkia wa mpini kutoka katika kipande hicho hicho cha springi, viringa kona zake, usiutie mafutani, na uvike mbao za mpera kwa ribiti.

Nakuuliza jambo moja ambalo hukulitaja: bomba linalopeleka hewa kwenye tanuri lako ni la aina gani? Kama ni bomba la maji lenye mipako ya zinki, liondoe leo. Zinki huchemka kwa nyuzi 907, na mkaa wenye kipulizio huvuka hapo kwa urahisi. Moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka saa kadhaa baadaye, na nimewahi kumwona kijana wa karakana akipelekwa kupimwa malaria mara mbili kabla ya mtu yeyote kumuuliza alichokuwa anachomelea siku hiyo.

Vipande vya mapanga yako usivitupe. Kile kisicho na ufa kipashe, kifukie kwenye majivu usiku kucha ili kilainike, ukifue kiwe kisu kifupi na ujaribu hatua zote juu yake kabla ya kugusa springi mpya. Kikiwa tayari na kimenolewa, laza makali yake juu ya kijiti cha shaba na ukandamize taratibu kwenye mwanga: makali yakipinda kidogo na kurudi, umefika, yakibaki yamepinda, ugumu haukutosha, yakimeguka, rudia moto mdogo na uende rangi moja mbele.