Bili ya umeme kwenye mtambo wa majitaka: anzeni na hewa, tena pimeni usiku

Naandika hii kwa wenzangu mnaoshika shifti kwenye mitambo ya majitaka ya miji, na mabosi wenu pia wakipata nafasi wasome. Niliingia kazi hii kama fundi umeme tu, sasa ni mwaka wa kumi na moja, na kila nilipopita naona kitu kile kile: bili ikipanda watu wanaanza kuongelea sola na mashine mpya, kumbe umeme unateketea pale pale kwenye bwawa la hewa, lile ambalo majitaka yanapulizwa hewa ili bakteria wale uchafu, na hakuna aliyepima.

Mimi nilishtuka usiku mmoja. Tulikuwa na bloa mbili, yaani mashine za kupuliza hewa bwawani, zinanguruma saa 24, na siku hiyo kama saa nane usiku nikachukua kile kipimo cha oksijeni cha mkononi chenye waya mrefu, nikakiosha, nikakizamisha bwawani. Kikasoma 6.1. Nikadhani kimeharibika, nikakitoa nikakiseti upya, nikarudisha, 6.0. Na bakteria wanaokula ule uchafu wanatosheka na miligramu 2 hivi kwa lita. Nikamuuliza mzee wetu wa shifti mbona zote mbili zinapiga wakati maji yanayoingia saa hizi ni kidogo hivi, akanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, sisi tumezikuta hivi."

Sasa sikilizeni kwa nini hii inauma. Kwenye mitambo ya bloa, hewa peke yake inakula kama nusu ya umeme wote na mara nyingi zaidi. Halafu maji ya nyuzi joto 28 hayashiki oksijeni zaidi ya miligramu 7.8 hivi, na kadiri unavyokaribia hapo ndivyo yanavyokataa kupokea, kwa hiyo kushikilia 6 badala ya 2 kunataka hewa karibu mara tatu kwa kazi ile ile. Mara tatu jamani, na maji yanayotoka mtamboni hayana ubora wowote wa ziada!

Kesho yake nikaongea na bosi, akakubali tujaribu kuzima moja kuanzia saa tano usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Kipimo kikatulia kwenye 2 na kidogo. Ila msizime kwa pupa. Sisi tulipoona inawezekana tukazidisha, tukashusha oksijeni mpaka chini ya 1 kwa siku kadhaa, zikaota zile bakteria za nyuzi nyuzi, tope, yaani lile rundo la bakteria wenyewe, likawa jepesi halishuki chini kwenye tangi la kutulizia, likaanza kumwagika na maji yanayotoka, na ilituchukua wiki tatu kurudi sawa. Hayo ni maji yanaenda mtoni, kuna watu huko chini wanayatumia. Kwa hiyo shusheni taratibu, pimeni amonia kila siku (ikipanda jueni bakteria wanakosa hewa), na hakikisheni hewa iliyobaki bado inakoroga bwawa, tope lisilale.

Pampu nazo. Kituo chetu cha kuingizia maji kilikuwa na pampu mbili pacha, moja ikawa inafanya masaa mengi kuliko mwenzake kwa kazi hiyo hiyo, tulipoifungua tukakuta nepi, nywele na kipande cha kanga vimejisokota kwenye impela, lile panga linalosukuma maji. Sasa kila Jumatatu tunalinganisha masaa ya pampu zote, hiyo haina gharama hata senti. Mkipata hela ya inveta, kifaa cha kupunguza mwendo wa mota, wekeni kwenye pampu ambayo mnaibana kwa valvu, maana ukishusha mwendo hadi asilimia 80 umeme unashuka karibu nusu, ingawa pampu inayopandisha maji mlima mrefu haitakupa yote hiyo.

Na someni bili yenyewe, msiishie kwenye jumla. Mteja mkubwa halipii uniti tu, analipia pia kilele, yaani ile nusu saa mliyovuta umeme mwingi kuliko zote mwezini. Umeme ukikatika ukarudi na mkawasha kila kitu kwa mkupuo, mmejiandikia kilele cha mwezi mzima. Washeni moja moja, mkipishanisha. Pawafakta, yaani kipimo cha umeme mnaovuta ni kiasi gani kinafanya kazi kweli, ikiwa chini ya 0.9 angalieni kapasita zinazoirekebisha kwenye paneli ya umeme, nyingi zimekufa kimya kimya.

Biogesi ni nzuri, siipingi, mtambo wa Strass kule Austria unajitosheleza umeme tangu 2005 kwa gesi ya tope lake, lakini wale walianza kwa kubana matumizi kwanza.

Na kwa miji ambayo bado inapanga kujenga, ardhi ikiwepo fikirieni mabwawa ya wazi yasiyo na bloa. Nairobi inatumia ya Dandora, kule Ruai, jua na mwani ndio vinaleta oksijeni. Yanakula eneo kubwa, kweli. Lakini mtambo wa bloa kawaida unakula kilowati-saa 0.3 mpaka 0.6 kwa kila mita ya ujazo ya majitaka, kila siku, miaka yote, basi kabla ya kusaini mwambieni mkandarasi aandike yake ni ngapi, na halmashauri iandike hela hiyo itatoka fungu gani.