Masomo ya karafuu: nitumie programu gani?

SWALI: Assalamu alaykum. Mie ni bwana shamba huku Wete. Nataka kutengeneza masomo ya kuchuma na kuanika karafuu, yenye picha, sauti, video fupi na maswali ya kujipima. Kompyuta yangu ni ya Linux, mwenzangu wa Chake Chake ana Windows, na wakulima wana simu za Android. Mashambani mtandao ni wa shida. Nimeshauriwa ninunue Articulate Storyline. Niinunue?
Msomaji, Pemba

JIBU: Waalaykumu ssalaam, bwana shamba. Usiinunue. Si mbovu, masomo yake hutoka kwa HTML5, yaani muundo wa kurasa za mtandaoni, na simu za sasa huyafungua. Lakini programu yenyewe ni ya Windows, kwa hiyo kila ukitaka kusahihisha neno moja itabidi umngoje mwenzako wa Chake. Mtu akikusifia programu kuwa inakubali kila mahali, muulize mambo mawili mbalimbali: inakubali kwenye kompyuta ya mtengenezaji, au kwenye simu ya msomaji? Wauzaji wengi huyachanganya.

Kwa hali yako ningeanza na Lumi. Ni ya bure, inaingia Linux, Windows na Mac, na inatengeneza masomo ya H5P, yaani muundo wa masomo ya kugusa na kujibu: video inayosimama katikati ikauliza swali, picha ya kugusa, maneno ya kuburuta. Ninachokipendea khasa ni kwamba inaweza kulitoa somo zima likiwa faili moja la HTML, picha na sauti zikiwa humo humo. Programu nyingi hutoa folda: index.html na mafaili chungu nzima pembeni. Ukiigusa hiyo index.html kwenye Android, mara nyingi maandishi huja na picha hazionekani, kwa sababu brauza imepewa ruhusa ya faili lile moja tu, haiwafikii wenzake. Kumfundisha kila mkulima namna ya kuzunguka tatizo hilo ni kazi ya msimu mzima. Faili moja unalirusha kwa Bluetooth au unalitia kwenye memori kadi, basi.

Uzito wa faili hilo uko kwenye video. Kutofautisha karafuu iliyokauka vizuri na mpeta (iliyoharibika kwa kutokauka vizuri), picha mbili za karibu zinatosha. Video iweke panapotaka kuonekana mkono, kama kuchambua karafuu na makonyo (vijiti vyake), na isizidi dakika moja. Maelezo yote yarekodi kwa sauti, kwa Kiswahili cha huko huko Pemba. Wazee wengi hawatasoma aya ndefu kwenye kioo kidogo.

Baadaye mkitaka kozi ndefu ya kuwekwa kwenye Moodle, ule mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, eXeLearning nayo ni ya bure, iko kwa mifumo yote mitatu, na inatoa SCORM, muundo wa kozi ambao Moodle inaupokea.

Picha, sauti na maandishi ya asili yawekeni kwenye folda yenu, nje ya programu yoyote. Kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia Flash, programu yake iliyochezesha masomo na michezo kwenye brauza, tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikazuia kazi zake zisifunguke. Masomo mangapi mazuri yalipotea kwa kuwa yalibaki ndani ya Flash peke yake! Inaniuma mpaka leo.

Tengeneza somo moja tu kwanza, la majamvi na jua. Lijaribu kwenye simu kongwe kuliko zote utakayoipata kijijini, data ikiwa imezimwa. Likikataa, niandikie aina ya simu na toleo la Android, nitakujibu hapa hapa.