Maswali na majibu: Uvimbe wa shingo, kirusi na kipimo cha damu

Shikamoo daktari. Nina uvimbe chini ya taya, mwezi wa pili sasa, hauumi. Sivuti sigara. Kuna kipimo cha damu cha kumaliza ubishi? – Mvuvi, Ukerewe

Marahaba. Hakuna. Na kutouma kusikufariji: huweza kuwa saratani. Uvimbe wa shingo kwa mtu mzima ukipita wiki tatu, panda meli pale Nansio uje hospitali ya Bugando, Mwanza, umwone daktari wa masikio, pua na koo. Ataingiza kamera kooni na, akiona haja, atachukua kinyama kwenye findo au kwenye shina la ulimi.

Kinyama hicho hukatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi inayosaka protini iitwayo p16. Protini hiyo si ya kirusi, ni yetu wenyewe: kirusi cha HPV (human papillomavirus), hasa aina ya 16, kikishavunja breki ya seli, seli humwaga p16 kupita kiasi. Zikishika rangi barabara angalau asilimia 70 ya seli za saratani, jibu ni chanya, yaani huenda saratani imeletwa na kirusi hicho. Wagonjwa wa namna hii kwa kawaida hupona vizuri kuliko wale walioponzwa na sigara. Lakini p16 peke yake huweza kudanganya, kwa hiyo inapowezekana vinasaba vya kirusi chenyewe navyo hutafutwa kwenye kinyama hichohicho.

Mume wangu kamaliza mionzi ya saratani ya nyuma ya pua. Jirani anasema damu itaonyesha kama imerudi. – Mama, Igoma

Jirani kasema nusu ya ukweli, mama. Saratani hiyo mara nyingi huandamana na kirusi cha Epstein-Barr, na vipande vya vinasaba vya kirusi hicho huvuja kutoka kwenye uvimbe na kuingia kwenye damu. Tiba ikikubali, hupungua mpaka visionekane. Vikipanda tena, daktari huagiza picha hata kama mgonjwa anamaliza ugali wake. Muulize daktari kama mzee alipimwa damu hiyo kabla ya mionzi. Bila namba ya mwanzo, ya leo ni ngumu kuisoma. Na jibu safi halifuti kliniki.

Maabara ya mtaani imenipa "Epstein-Barr chanya". Ni kansa? – Kijana, Nyegezi

Siyo. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 wanacho, huambukizwa kwa mate. Walichopima ni kinga ambayo mwili ulitengeneza dhidi ya kirusi hicho. Hela hiyo ungenunulia sato.

Ni kweli kirusi hicho kimetoka ziwani kwetu? – Mwalimu, Sengerema

Kipo dunia nzima, mwalimu. Ila kilionekana mara ya kwanza London mwaka 1964, kwenye seli za uvimbe zilizosafirishwa kutoka Uganda, alikokuwa daktari Denis Burkitt. Saratani inayobeba jina lake bado inawapata watoto wa ukanda huu, na hukua kwa siku chache tu. Mtoto akivimba taya na meno yakaanza kulegea, apelekwe hospitali kabla hamjafikiria kumng'oa jino.