Mate yamekwenda wapi?

Tangu Januari ianze, jua la Nairobi limekausha hata nyasi za kando ya barabara, na maswali niliyoletewa mwezi huu mengi ni ya vinywa vikavu. Nimechagua matano. Najibu nikiwa mfamasia wa nyuma ya kaunta. Sijakuona wala sijakupima.

*Nina miaka 58, naishi Umoja. Natumia vidonge viwili vya presha, na vumbi likinibana pua nameza Piriton. Kila usiku kama saa tisa naamka ulimi umegandamana na kaakaa. Nakunywa kikombe kizima cha maji, halafu usingizi unakatizwa tena na choo. Je, ni figo?*

Mama, kabla ya kuzishuku figo, tumwage vidonge mezani tuvitazame. Usiku tezi za mate hupunguza kazi hata kwa mtu mzima wa afya, ndiyo maana sote huamka na kinywa kizito. Wewe umeongeza mambo mawili juu ya hilo. Kati ya dawa za presha kuna zile za kukojoza, kama haidroklorothiazaidi, na mara nyingi huchanganywa na dawa nyingine ndani ya kidonge kimoja, kwa hiyo mgonjwa hajui kama anaimeza. Halafu kuna Piriton. Inakausha kamasi, na kwa njia ile ile inakausha mate. Dawa haijui kuchagua tundu.

Usiache dawa ya presha kwa sababu yangu. Siku ya kliniki weka kila kitu kwenye mfuko mmoja, pamoja na kile kidonge cha ganzi ya miguu au cha usingizi ulichopewa kwingine (amitriptilini ni mkaushaji mkubwa), umwage mbele ya daktari. Uliza: ipo ya kukojoza? Naimeza saa ngapi? Ikiwa ni jioni, kuhamishiwa asubuhi kunaweza kukurudishia usingizi. Kuhusu pua, muulize mfamasia dawa isiyokausha sana, au safisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Pua ikiziba unalala mdomo wazi, na hewa inayopita hapo usiku kucha inamaliza kazi. Waulize wa nyumbani kama unakoroma. Watasema bila kuombwa mara mbili.

Na kile kikombe, acha. Lowesha ulimi kwa funda dogo tu. Maji si mate: mate yana ute unaoteleza na madini yanayokarabati meno, na mwili hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Kikombe chako kinalowesha dakika chache, kisha kinahamia kwenye kibofu.

*Mimi ni dereva wa matatu, laini ya Rongai. Nikitafuna muguka mdomo unakauka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, basi nachanganya na Big G na soda. Mwaka jana niling'olewa meno mawili. Kosa ni la muguka au la sukari?*

Ndugu dereva, wamegawana kazi. Muguka, sawa na miraa, una kathinoni, kichocheo kinachokufanya uwe macho huku kikipunguza mate. Ukishamaliza mate, unaleta sukari ya chingamu na soda. Vijidudu vya kinywani huigeuza sukari kuwa asidi, na kwa kawaida mate ndiyo huipunguza makali. Kwako asidi inakaa saa zote za shifti, hasa penye shina la jino karibu na ufizi.

Kuacha ndiko kungefaa, na si kwa ajili ya meno tu. Mtu asiyelala akiwa na abiria nyuma yake ananitisha kuliko jino bovu. Lakini kama leo hujaacha, badilisha soda kwa maji na utafute chingamu isiyo na sukari. Usiku piga mswaki kwa dawa yenye floridi, teme povu, usisukutue, ulale nayo.

*Je, kinywa kikikauka lazima iwe ni kisukari?*

La. Ila kikija pamoja na kiu isiyokata, kukojoa mara kwa mara, uzito kushuka au macho kuona ukungu, pima leo. Kabla ya kula chochote asubuhi, sukari ya damu ya 7.0 mmol/L au zaidi ni dalili ya kisukari. Saa yoyote ile, 11.1 au zaidi pamoja na dalili hizo. Kipimo cha kidole dukani ni mwanzo tu, hospitali ithibitishe. Ukianza kutapika, kuhema au kusinzia ovyo, usingoje kesho.

*Nyanya alinifundisha kunyonya ndimu na chumvi. Inasaidia, lakini sasa meno yananikata nikinywa chai, na ulimi una madoa meupe.*

Nyanya hakukosea: uchachu huamsha tezi. Umesoma neno "ndimu" na mate yamekutoka. Tatizo ni kwamba asidi hiyo inakula gamba la jino, na kinywa kikavu hakina cha kuizuia. Tafuna karoti au kipande cha tango. Dawa ya kusukutua yenye pombe iache dukani, inakausha zaidi. Yale madoa, kama yakisuguliwa yanaacha pekundu, huenda ni fangasi. Yana dawa yake, usiyapake chumvi. Na kama macho nayo yanawasha kama yana mchanga kwa miezi, mwambie daktari, kwa maana upo ugonjwa, Sjögren, ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za mate na za machozi, na huwapata zaidi wanawake.

*Kaka yangu alipigwa mionzi ya shingo kwa ajili ya saratani. Imepita miezi minane na chakula hakishuki.*

Pole kwenu. Mionzi huunguza tezi zenyewe. Nyingine hurejea kidogo kidogo, nyingine hazirejei. Waulize madaktari wake kuhusu pilokaripini, dawa ya kuamsha tezi za mate, na mate ya kutengenezwa. Jino lolote lising'olewe kabla daktari wa meno hajaambiwa kuhusu mionzi, maana taya lililopigwa hupona kwa shida sana. Mezani, mkate mkavu na nyama choma viwekwe kando. Mpikieni mrenda. Tonge la ugali laini likichovywa humo linateleza lenyewe, na anaweza kulimeza bila kikombe cha maji mkononi.